Basi Linalojiendesha: Maswali Ninayoulizwa Tangu Nirudi Mwanza

Nilifanya kazi ya ukonda hapa Mwanza kwa miaka 6, muda mwingi njia ya Buhongwa. Baadaye dada yangu aliyeolewa Finland alinialika nikakaa kwao miezi 3. Mitaa miwili kutoka kwake palikuwa na basi dogo linalojiendesha lenyewe, lipo kwenye majaribio, na yeyote aliruhusiwa kupanda. Nililipanda mara 11. Mara ya kwanza nilipanda kwa kushangaa. Mara 10 zilizofuata nilipanda kwa sababu nilitaka kujua kazi yangu ya zamani imehamia wapi ndani ya gari lile.

Tangu nirudi, siwezi kukaa kijiweni Mkuyuni nikamaliza kikombe cha kahawa kabla mtu hajaniuliza. Maswali ni yale yale, nami nimeyaandika hapa kama yalivyoulizwa.

Ni kweli halina dereva?

Halina dereva, halina usukani, halina pedeli, na mbele na nyuma kwake ni sawasawa. Likifika mwisho wa njia haligeuzi, linaondoka tu kuelekea lilikotoka. Lakini mtu yumo. Hili nalisema kila mara na kila mara naona haliingii, kwa sababu wanaosimulia habari za mabasi haya hupenda kuishia pale pale kwenye "halina dereva".

Majaribio ya namna hii, yanapobeba watu, kwa kawaida huwa na mhudumu wa usalama ndani. Yule wa basi langu alikuwa mama wa makamo, amevaa kizibao cha kung'aa, na shingoni ananing'iniza rimoti inayofanana na ile ya kuchezea gemu. Kidole gumba chake kilikaa juu ya kitufe safari nzima. Nilikitazama kidole kile kuliko nilivyotazama dirishani.

Wataalamu wameugawa uwezo wa gari kujiendesha katika ngazi, kuanzia 0 hadi 5. Ngazi 0 ni daladala zetu nyingi: kila kitu ni suka, yaani dereva. Ngazi 5 ni gari linaloweza kwenda popote ambapo mtu angeweza kuendesha, na gari hilo halijapatikana. Mabasi haya yanalenga ngazi 4, maana yake linajiendesha, lakini kwenye njia yake tu na katika hali iliyopangwa. Ukilitoa Finland ukaliweka Nyegezi leo, halisogei.

Sasa linaonaje barabara?

Kwenye pembe zake kuna vidude vyeusi vya duara, kila kimoja kama kikopo cha maziwa ya unga. Hivyo huitwa laida. Hurusha miale ya mwanga usioonekana kwa macho, maelfu kwa maelfu kila sekunde, halafu hupima muda ambao mwanga unatumia kugonga kitu na kurudi. Mwanga hukimbia karibu kilomita 300,000 kwa sekunde. Mwanga huo ukienda kwenye ukuta ulio mita 15 mbele na kurudi, unatumia sehemu 1 ya milioni 10 ya sekunde, na kifaa kile kinaweza kuipima sehemu hiyo. Kwa kukusanya vipimo hivyo, basi hupata picha ya vitu vyote vilivyolizunguka, na umbali wa kila kimoja.

Kujua lilipo lenyewe ni kazi nyingine. GPS ya simu yako hukosea kwa mita kadhaa, na mita kadhaa ni tofauti ya kuwa barabarani na kuwa mtaroni. Kwa hiyo basi hupokea masahihisho kutoka kituo kilichowekwa ardhini mahali panapojulikana, likajua lilipo kwa kiwango cha sentimita. Huhesabu pia mizunguko ya magurudumu. Na hulinganisha kinachoonwa na laida na ramani iliyopigwa zamani, pale ambapo mtu wa kweli alipoliendesha polepole njia nzima ili lijifunze kuta, nguzo na kona.

Hapo ndipo nilipoanza kufikiria kwetu. Mawe ya Mwanza yangelifaa sana basi hili. Jiwe la Bismarck limekaa pale majini, halihami, na kila kilima chetu kina mawe ya aina hiyo. Ila meza za machinga ni jambo lingine. Mtaa wa saa 12 asubuhi siyo mtaa wa saa 4, na saa 12 jioni ni mtaa wa tatu. Ramani iliyopigwa Jumatatu asubuhi, kufikia jioni nusu yake imefunikwa na mitumba na mafungu ya nyanya.

Linakwenda kasi gani?

Polepole. Nililolipanda halikuzidi kilomita 18 kwa saa, na mabasi mengi ya aina hii huenda kati ya 15 na 20. Mtu wa baiskeli mwenye haraka analipita. Mtoto wa dada yangu alikuwa akishindana nalo kwa kukimbia pembeni, na kwenye kona alikuwa anashinda.

Breki zake zikoje?

Siku ya tatu tulikuwa abiria 5. Ilikuwa vuli, majani ya miti yanageuka manjano na kudondoka. Jani moja kubwa liliteremka mbele ya basi, taratibu, linazunguka. Basi likasimama. Sisemi lilipunguza mwendo, nasema lilisimama, kama mtu aliyekumbuka kitu. Mimi nilikuwa nimesimama kwa mazoea ya ukonda, nikajigonga goti kwenye bomba. Bibi mmoja aliyekuwa ameketi alijishikilia, lakini mfuko wake ukapinduka, viazi vikatawanyika hadi mlangoni.

Yule mhudumu alibonyeza kitufe basi lisiondoke, akapiga magoti, akaokota kiazi kimoja kimoja, akakipangusa na kukirudisha mfukoni. Kisha akamgusa bibi bega na kumuuliza neno. Bibi akatikisa kichwa kwamba yuko sawa. Ndipo akainuka na kuruhusu safari iendelee. Sikuelewa lugha, lakini kazi ile naijua.

Jambo hili si dogo. Mwezi Februari 2020, huko Columbus, Marekani, basi la namna hii lilisimama ghafla likiwa kwenye mwendo wa kama kilomita 11 tu kwa saa, na mwanamke mmoja akaanguka kutoka kitini. Wakubwa wa usalama barabarani wa nchi ile walisimamisha ubebaji wa abiria kwa mabasi 16 ya mtengenezaji huyo nchi nzima, hadi mikanda ya viti iongezwe. Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza kwa anayepanda: kaa, funga mkanda, hata kama safari ni ya dakika 4. Mwendo mdogo unadanganya. Dereva wa daladala akikanyaga breki, unaona mbele kinachomfanya akanyage, mwili unajiandaa. Basi hili linaona vitu ambavyo wewe huvioni au huvijali, na mwili wako haupati taarifa.

Limeshawahi kugonga?

Ndiyo, na nimesoma habari hizo kwa makini kuliko zote. Nitaeleza tatu.

Sion, Uswisi, ni miongoni mwa miji ya kwanza kupandisha abiria wa kawaida kwenye mabasi haya, mwaka 2016. Mwezi Septemba mwaka huo huo basi moja liligusa mlango wa nyuma wa gari lililoegeshwa, mlango ukiwa wazi. Hakuna aliyeumia. Walisimamisha kwanza, wakachunguza, wakaendelea.

Ya pili ni Las Vegas, tarehe 8 Novemba 2017, siku ile ile ya uzinduzi. Lori lilikuwa linarudi nyuma kuingia kichochoroni. Basi lililiona lori na likasimama, kama lilivyofundishwa. Lori likaendelea kurudi nyuma, taratibu, basi limetulia tu, mpaka tairi la lori likaligusa. Nyuma ya basi palikuwa na nafasi. Suka yeyote wa Mwanza angepiga honi na kurudi mita mbili. Wachunguzi wa Marekani walisema chanzo ni dereva wa lori, aliyedhani basi litasimama mbali zaidi. Lakini waliongeza jambo ambalo nimelirudia kijiweni mpaka watu wamelikariri: mhudumu hakuwa tayari kushika uongozi, kwa sababu rimoti ilikuwa imehifadhiwa kwenye kisanduku. Mtu alikuwepo, ila mikono yake ilikuwa mitupu.

Ya tatu ni Tokyo, tarehe 26 Agosti 2021, ndani ya kijiji cha wanamichezo wa Paralimpiki. Basi la Toyota lilikuwa linakata kona, mwanajudo wa Japani asiyeona vizuri anavuka kwenye zebra. Basi lilihisi mtu na kusimama. Mhudumu ndiye aliyeliruhusu liondoke tena, akidhani yule anayevuka ataliona na kusimama. Hakuliona. Alijeruhiwa na hakuweza kushindana. Toyota walisimamisha mabasi yao, na yaliporudi yalikuwa na wahudumu zaidi na sauti kubwa zaidi ya kuwatahadharisha watu.

Angalia hizo mbili za mwisho pamoja. Kule Las Vegas mashine ilifanya ilichofundishwa na mtu hakuwa tayari. Kule Tokyo mashine ilisimama na mtu akaiambia nenda. Wanaoniuliza hutaka niseme mashine ni mbaya au ni nzuri. Mimi naona swali linaangukia kwa yule mtu mmoja aliyemo ndani: anatazama nini, anashika nini, na amefundishwa na nani.

Nikitaka kushuka njiani?

Hushuki. Hakuna "shusha hapo kwenye mti", hakuna kugonga bodi. Kuna vituo vyake, kuna kitufe cha kuomba kusimama, na kuna kitufe chekundu cha dharura ambacho ni cha dharura kweli.

Milango je? Haitamfungia mtu?

Mlango una vihisi pembeni. Ukiweka mkono, unafunguka tena. Na mlango ukiwa wazi basi haliondoki hata lisukumwe. Nilijaribu kwa mkono wangu, mhudumu akanitazama, nikaomba radhi.

Nilikuwa na sababu. Mwaka wangu wa pili kwenye ukonda, pale Mkuyuni, mama mmoja alikuwa anashuka na ndoo. Mguu wa kwanza ulishafika chini. Nyuma yetu kulikuwa na daladala nyingine inatubana, suka ananiuliza "vipi, vipi", nami nikagonga bodi mara mbili. Mguu wa pili ulikuwa bado juu ya ngazi. Alianguka ubavu na mkono wake ukavunjika. Nilikwenda naye hospitali, nikamlipia nilichoweza, na alinisamehe kwa mdomo wake mwenyewe. Konda mmoja mzee wa njia yetu akaniita jioni ile akaniambia: "Mdogo wangu, hesabu mguu wa pili. Usihesabu wa kwanza." Nimehesabu mguu wa pili mpaka siku niliyoacha kazi.

Kwa hiyo nilipoliona basi ambalo haliwezi kuondoka mlango ukiwa wazi, koo lilinikaba. Mashine ile isingemwangusha yule mama kwa haraka ya konda. Halafu nikaendelea kutazama, siku baada ya siku, nikaona kitu kingine. Mlango ukishafungwa vizuri, basi linahesabu kwamba kazi imekwisha. Bibi yule wa viazi alishuka, mlango ukafungwa, lakini alikuwa bado amesimama kando kando ya gurudumu akipanga mfuko wake. Laida ilimwona na basi halikusogea. Hilo ni sawa. Ila lingekaa pale mpaka lini? Mhudumu ndiye aliyefungua mlango, akamshika mkono, akamsogeza hatua tatu hadi kwenye benchi. Basi lilijua kwamba kuna kitu pembeni ya gurudumu. Kwamba kitu hicho ni bibi aliyechoka na anahitaji benchi, hilo alijua mhudumu.

Gari likiegeshwa vibaya mbele yake linapita pembeni?

Mabasi ya aina niliyopanda hufuata mstari usioonekana uliochorwa kwenye ramani yake, kama treni inavyofuata reli. Likikuta gari limeegeshwa juu ya mstari huo, linasimama na kusubiri. Mhudumu anachukua rimoti, analipitisha kwa mkono, analirudisha kwenye mstari. Safari zangu 11, hilo lilitokea mara 7. Piga picha Barabara ya Nyerere, kuanzia Mabatini mpaka Igoma, saa 11 jioni, bodaboda zimesimama juu ya kila kitu. Mhudumu asingeishusha rimoti.

Trafiki akinyoosha mkono linaelewa?

Nililopanda halikufundishwa ishara za mikono. Siku moja palikuwa na mafundi wanachimba barabara na mmoja anaongoza magari kwa kibao. Mhudumu alilisimamisha mwenyewe mapema, akalipitisha kwa rimoti.

Linabeba watu wangapi? Na mizigo?

Kwa kawaida watu 10 hadi 15, na mahali pengi wanataka wote wakae. Likijaa, limejaa. Hakuna "sogea nyuma huko".

Mzigo mdogo unapakata. Gunia la dagaa kutoka Mwaloni Kirumba haliingii, na hapo kuna watu hawanielewi nikisema jambo hilo ni zito. Nusu ya abiria wa alfajiri kwenye njia za Kirumba ni akina mama wenye ndoo na magunia, na ndio wanaolipa nauli ya siku ya gari. Usafiri usiobeba ndoo ya mama muuza samaki, hapa ni usafiri wa nusu ya watu. Columbus ile ile niliyoitaja, baada ya ajali na baada ya ugonjwa wa korona kuwafungia watu ndani, waliligeuza basi lile kubeba maboksi ya chakula kwa familia zenye uhitaji. Kumbe mzigo unawezekana, ikipangwa hivyo toka mwanzo.

Mvua, vumbi, wale wadudu wa ziwani?

Laida ni mwanga, na mwanga hugonga chochote. Mvua nyepesi haina shida. Mvua ya kumwaga, theluji nene, vumbi zito na moshi huliletea basi picha iliyojaa vitu ambavyo havipo, nalo husimama. Majani marefu yaliyoinamia barabarani pia hulisimamisha. Kule walikuwa wanafyeka kingo za njia mara kwa mara kwa sababu hiyo tu.

Wale wadudu wanaoinuka ziwani kama nguzo ya moshi, mpaka wakafunika kuta za nyumba za ukanda wa pwani, wangehitaji mtu mwenye kitambaa asubuhi na jioni wa kupangusa vioo vya laida. Na mvua za masika zinapoteremsha mchanga kutoka vilimani mpaka lami inapotea, basi lile lingengoja lami isafishwe.

Intaneti ikikatika linapotea?

Halipotei, linasimama. Maamuzi ya breki na kona hufanywa na kompyuta iliyomo ndani ya gari, halisubiri kuambiwa na mtu aliye mbali. Lakini masahihisho ya GPS na mawasiliano na chumba cha wasimamizi hupitia mtandao wa simu. Mtandao ukiyumba na basi likakosa uhakika wa lilipo, hujisimamisha na kumwachia mhudumu. Linatumia umeme wa betri, kwa hiyo usiku huchajiwa.

Nauli?

Nilipanda bure.

Sheria yetu inaruhusu?

Sheria yetu ya Usalama Barabarani ni ya mwaka 1973, nayo imeandikwa ikimfikiria dereva: leseni yake, ulevi wake, mkono wake, kosa lake. LATRA nao wanatoa leseni kwa mmiliki wa gari la abiria kwa masharti yanayomtegemea dereva na kondakta. Finland walianza mapema kwa sababu sheria yao haikusema lazima dereva awe ameketi ndani ya gari, mradi yupo mtu anayewajibika. Na mwaka 1968 nchi nyingi zilikubaliana kule Vienna kwamba kila gari linalotembea liwe na dereva. Makubaliano hayo yamerekebishwa miaka ya karibuni ili kuyapa nafasi magari haya.

Mimi swali langu la sheria ni moja: mama akivunjika mkono, anamshika nani? Nilipomwangusha yule mama, alinishika mimi. Alijua jina langu, alijua gari, alijua kijiwe changu. Nchi yoyote inayotaka kuingiza mabasi haya ianze kwa kuandika jibu la hilo, na liandikwe kwenye mlango wa basi kwa maandishi ambayo bibi anaweza kuyasoma.

Litatuondolea kazi?

Hili huulizwa kwa sauti ya chini, na huulizwa na vijana. Sitawadanganya. Mishahara ni gharama kubwa ya biashara ya mabasi, na wanaotengeneza mabasi haya wanalenga siku moja mtu mmoja akae kwenye chumba chenye skrini, asimamie mabasi kadhaa kwa pamoja. Hawafichi.

Lakini tazama yaliyotokea mpaka sasa. Scotland walianza Mei 2023 na mabasi makubwa ya kawaida, matano, yanayojiendesha kwenye njia ya kilomita 22 hivi, yakipita juu ya daraja la barabara la Forth kuingia upande wa Edinburgh, kwa mwendo wa hadi kilomita 80 kwa saa. Ndani kulikuwa na wafanyakazi wawili: dereva aliyekaa nyuma ya usukani tayari kuushika, na mwingine wa kuhudumia abiria. Yaani lile basi lilikuwa na suka na konda. Huduma ilifungwa Februari 2025, na sababu waliyoitoa ni abiria wachache.

Kila ninapovuka Kigongo kwenda Busisi juu ya Daraja la Magufuli, lililofunguliwa Juni 2025, huwa nalikumbuka lile la Forth. Daraja letu lina kilomita 3 hivi, limenyooka, halina machinga wala kichochoro. Kama kuna barabara ya ukanda huu ambayo kompyuta ingeiweza, ni ile. Na nikifika ng'ambo Busisi, milango inafunguka, wapo wenye mizigo, wapo wasiojua gari la Sengerema ni lipi, wapo wanaosalimiana "mwangaluka" na kuulizana habari za msiba, na hapo ndipo kazi yote inapoanza.

Kijana anayetaka ushauri wangu, namwambia ajifunze kuzisoma hizi mashine, na asiuone ukonda kama kazi ya kupiga kelele na kukusanya nauli. Ule mkono uliomshika bibi ulikuwa umelipwa mshahara, na kabla ya kulipwa ulikuwa umefundishwa.

Mama yangu ni mzee, na haoni vizuri. Angeweza kupanda?

Angeweza, na pengine kwa raha kuliko daladala. Sakafu yake iko chini, ngazi hakuna, na kuna ubao unaotoka kwa ajili ya kiti cha magurudumu. Sauti hutangaza kituo. Ila basi la umeme likija polepole halina mngurumo, na kwa asiyeona hilo ni hatari, kama ilivyokuwa Tokyo. Asivuke mbele yake kwa kutumaini kwamba litasimama. Na asipande siku ambayo mhudumu hayupo.

Mtoto?

Na mtu mzima, ameketi, mkanda umefungwa. Mwonye mapema asichezee mbele ya basi kujaribu kama linasimama. Vijana wengi hufanya hivyo, na linasimama, na anayeumia ni abiria aliyemo ndani.

Ungepewa nafasi, Mwanza ungelianzia wapi?

Nisingelianzia katikati ya mji. Ningetafuta njia fupi, isiyo na msongamano, ambayo watu wanaihitaji kweli. Kila siku naona ndugu wa wagonjwa wakipanda kilima cha Bugando kwa miguu, juani, hotipoti ya uji mkono mmoja, godoro au shuka mkono wa pili, wazee wakipumzika kila baada ya hatua 20 na mkono juu ya ukuta. Pale ningeweka basi la viti 12, la bure, litakalopanda na kushuka kutwa, na nafasi ya kuweka hotipoti na ndoo sakafuni ili zisimwagike breki ikishikwa.

Na rimoti ningemning'inizia shingoni yule konda mzee wa njia yetu. Bado yupo, anakaa Butimba. Juzi nilimwonyesha video ya basi lile kwenye simu yangu. Aliitazama yote bila kusema, kisha akairudisha nyuma hadi pale mlango unapofunguka, akaisogeza simu karibu na macho yake, akaniambia nisimamishe hapo.

"Huyu mama aliyevaa kizibao," alisema, "anaangalia miguu."